Rola Chafu ni Rola Iliyopinda

Hotuba kwa wanafunzi wa ufundi, mafundi wa mashine na wenye maduka ya chapa, Chake Chake, Pemba

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Mzee mwenyekiti, walimu wangu, mafundi wenzangu, mama zangu mliokaa pale nyuma, na nyinyi wanangu mliokuja na madaftari: ahsanteni sana kwa kuniita nyumbani.

Kabla sijaenda mbali naomba kitu hiki kipite mkono kwa mkono. Mkishike kwa upande ule butu, maana ule mwengine umeliwa na kazi mpaka ukawa kama wembe. Ni kipande cha ubapa wa chuma, urefu wake shubiri moja. Mzima wake ulikuwa zaidi ya mita nne. Pitisheni kucha polepole kwenye ncha. Pahala pamoja mtahisi pana kishimo, kidogo mno, kwa macho hakionekani. Kishimo hicho kilitukesha usiku kucha, watu tisa, kwenye kiwanda cha karatasi nilichokuwa nikifanya kazi. Nitakirudia, maana mazungumzo yangu ni juu ya kuiongoza karatasi kwenye mashine na kuzisafisha rola zake.

Mimi nimezaliwa kwenye nyumba ya kusuka mikeka. Bibi yangu akisuka ukili huku akizungumza na wageni, macho yako kwao, mikono inajiendea. Nilipokuwa na umri wa miaka tisa hivi nilimwomba anipe chane na mimi nijaribu. Nikasuka kama pima moja. Nilipoulaza chini, ukili wangu umepinda kama mundu. Nikauvuta ncha mbili, ukanyooka. Nikauachia, ukapinda tena. Nikaona zile chane mbovu. Bibi akaushika, akaupitisha vidoleni, akaniambia: "Mjukuu wangu, ukili huu hauna kosa. Mkono wako wa kulia unakaza kuliko wa kushoto."

Miaka mingi baadaye, nikiwa nimesimama mbele ya mashine ndefu kuliko msikiti wetu wa Ijumaa, nilikuja kufahamu kwamba bibi alikuwa ameshanifundisha nusu ya kazi yangu. Karatasi inayotembea kwenye mashine ni ukili. Ikienda upande, usiilaumu karatasi. Tafuta mkono unaokaza.

Wengi wenu hamjaiona mashine ya karatasi, basi nitaieleza kwa ufupi. Inaanza na rojo: nyuzi za mti zilizovurugwa majini. Na ni maji kweli, kwa sababu katika kilo 100 za rojo linaloingia mashineni, nyuzi hazifiki hata kilo moja. Rojo linamwagwa juu ya wavu mwembamba unaozunguka bila mwisho, maji yanachuja, nyuzi zinabaki zimelaliana. Kutoka hapo utando ule mbichi unabebwa na felti, nguo nene ya kunyonya maji, na kupitishwa baina ya rola, yaani silinda nzito zinazozunguka, zinazoukamua kama mtu anavyokamua tui. Kisha unapita juu na chini ya madramu makubwa yenye mvuke ndani, moja baada ya jengine, dazeni kadhaa, mpaka ukauke. Mwisho unalainishwa na kuzungushwa kuwa jora. Kutoka mwanzo hadi mwisho huo ni mkanda mmoja usiokatika, wenye upana wa mita kadhaa, na kwenye mashine za kasi za leo unakwenda zaidi ya mita 1,500 kwa dakika. Ukizipiga hesabu, ni kilomita 90 kwa saa. Yetu ilikuwa ya zamani, ikienda mita 600 kwa dakika, na hiyo ni mita 10 kila sekunde.

Zamani tatizo la kuongoza karatasi halikuwapo. Mtu alichovya fremu yake kwenye pipa, akainua, akapata karatasi moja, akaitandika. Haikuwa na pa kupotelea. Mwaka 1799 Mfaransa Louis-Nicolas Robert alipata hataza ya mashine ya kutoa karatasi ndefu mfululizo. Baadaye ndugu wawili wa ukoo wa Fourdrinier, Waingereza, wakaigharimia, na fundi aitwaye Bryan Donkin akaitengeneza hata ikafanya kazi ya kweli mwanzoni mwa karne ya 19. Siku wavu ulipofanywa kuwa duara lisilo na mwisho, siku hiyo ndipo lilipozaliwa swali la leo: kitu kinachozunguka daima, ni nini kinakizuia kuhama kidogo kidogo mpaka kikatoka kwenye mashine?

Jibu lake ni moja, na ningependa kila mwanafunzi aliandike. Kitu chembamba kinachopita juu ya rola hupenda kuingia kwenye rola hiyo kwa pembemraba. Rola ikikaa sawa, kinakwenda sawa. Rola ikichomoza upande mmoja, kinaelekea kule kulikochomoza, yaani kwenye ncha ya rola ambayo kinaigusa mwanzo. Karatasi haina macho wala rai. Inatii rola, na inatii mpaka ile kasoro ambayo wewe huijui.

Chukueni mfano. Felti ina mzunguko wa mita 30, mashine inakwenda mita 10 kwa sekunde. Felti hiyo inazunguka mara 20 kwa dakika. Tuseme kuna rola moja iliyokaa kombo kidogo tu, kiasi cha kuihamisha felti milimita moja kila mzunguko. Dakika moja, milimita 20. Dakika tano, sentimita 10. Felti imeshaanza kusagika kwenye fremu ya mashine, na felti moja ni ghali, si kitu cha kununuliwa dukani Darajani ukarudi nacho mchana.

Kwa hiyo pana rola maalumu ya kuongoza. Ncha yake moja imefungwa, ya pili inaweza kusogezwa mbele au nyuma milimita kadhaa. Pembeni mwa felti panawekwa kiguso, kama ulimi mwepesi. Felti ikiusukuma ulimi, upepo wa kompresa unaingia kwenye mfuko wa mpira, mfuko unavimba, ncha ya rola inasogea, felti inarudi. Ikirudi kupita kiasi, ulimi unalegea na rola inasogea upande wa pili. Ni kazi ya nahodha na usukani: hungoji jahazi lipande mwambani, unagusa kidogo kidogo saa zote. Kwa karatasi yenyewe, ambayo haivumilii kuguswa ukingoni, hutumiwa sensa, yaani kihisio, ya mwanga, ya upepo au ya mawimbi ya sauti.

Hapa pana kosa ambalo nimeliona kwa mafundi wazuri kabisa. Sensa inafungwa mbali, kwa sababu kule mbali ndiko kuna nafasi ya kusimama. Sasa rola inasogea hapa, lakini habari kwamba mkanda umeshanyooka inafika baada ya mkanda kwenda mita nyingi. Kwa muda wote huo rola imeendelea kusukuma, basi imepitiliza. Inageuza, inapitiliza tena. Mkanda unayumba kama mlevi, na watu wanasema sensa mbovu, wananunua nyengine. Sensa ikae karibu, mara tu baada ya rola inayoongoza. Na ifutwe. Vumbi la karatasi likitanda kwenye jicho la sensa ya mwanga, sensa inaona ukingo mahala usipokuwepo, na mashine nzima inafuata uongo huo kwa uaminifu.

Lakini, ndugu zangu, sensa bora kuliko zote haitibu rola iliyokaa kombo. Inaificha tu. Niliwahi kukuta rola ya kuongoza imesogea mpaka mwisho wa nafasi yake, inasukuma kwa nguvu zake zote, na opereta ameridhika kwa sababu felti inakwenda katikati. Hiyo ni sawa na mtu anayetembea na mzigo begani akiwa ameinama upande: hajaanguka, lakini usimwambie mzima. Ukiona rola ya kuongoza haikai katikati ya nafasi yake, simamisha mashine siku ya matengenezo, chukua pimamaji, chukua uzi, pima rola zilizotangulia moja moja. Kosa liko nyuma ya pale unapoliona. Karibu mara zote liko nyuma.

Sasa nirudi kwenye ubapa wangu. Naona umefika kwa walimu.

Rola zote kwenye mashine ya karatasi huchafuka. Mti wa msonobari una utomvu, na utomvu haumaliziki wote kwenye kupikwa. Karatasi zilizotumika zikirudishwa kuwa rojo zinakuja na gundi za bahasha, utepe, stempu. Kuna wanga na chokaa tunazotia wenyewe. Na kuna nyuzi ndogo zinazong'oka. Vyote hivyo vinatafuta pahala pa kuganda, na rola yenye joto ni pahala pazuri.

Anayezisafisha ni dokta. Ndivyo tulivyomwita kiwandani, dokta, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Ni ubapa kama huo, wa chuma, wa shaba, wa plastiki au wa nyuzi za kaboni zilizogandishwa kwa utomvu wa kutengeneza, unaoegemezwa kwenye rola kwa urefu wake wote. Pembe yake ni kiasi cha digrii 25 hadi 30. Ukimlaza sana, anapanda juu ya uchafu. Ukimsimamisha sana, anatetemeka na kuikwaruza rola. Ukimkandamiza kupita kiasi, anajila mwenyewe na anaila rola. Mama zangu wanaokuna nazi wanafahamu: mbuzi mmoja, nazi moja, na bado mkono wa mtu ndio unaoamua kama utapata tui au utakuna mpaka kifuu.

Ana kazi ya pili vilevile. Karatasi ikikatika, ncha yake hutafuta rola ya kujizungushia. Kwa mita 10 kwa sekunde, rola inajifunga karatasi kama maiti anavyofungwa sanda, unene unaongezeka, na ukiacha hivyo hata beringi huvunjika. Dokta ndiye anayeivua ile ncha na kuiangusha chini.

Jambo ambalo watu hulisahau ni kwamba dokta hakai tuli. Anakwenda kulia na kushoto milimita chache, polepole sana, siku nzima. Usipomkodolea macho, huoni kama anakwenda. Sababu yake ni hii: ubapa hauliki sawasawa. Pakiwa na chembe ngumu kwenye rola, inachimba kishimo kwenye ubapa. Dokta akitembea, kile kishimo hakikai mahala pamoja, na uchafu ulioponyoka kwenye mzunguko huu unakombwa kwenye mzunguko mwengine. Akisimama, kishimo kinabaki pale pale, na pale pale uchafu unapita bila kuguswa. Mzunguko wa kwanza hakuna kitu. Mzunguko wa elfu moja, una pete. (Mabomba ya kumwagia maji felti nayo hutembea hivyo hivyo, na kwa sababu ile ile. Bomba la shinikizo kubwa likikwama linachora mstari kwenye felti mpaka linaikata.)

Usiku ule, dokta wetu alikuwa amekwama. Pini yake moja ilikauka grisi. Na kwenye karatasi ya ukaguzi wa zamu ile, pahala palipoandikwa grisi ya pini za dokta, pana alama ya vema na chini yake saini yangu. Nilizipaka pini za upande wa mbele, ambako kuna taa. Za upande wa nyuma kuna giza na joto, nikajiambia za kule zitakuwa sawa. Nayasema haya mbele ya wanafunzi kwa sababu ni kweli, na kwa sababu mtu akiweka vema pahala ambapo hakwenda, kuna mwenzake atakayekesha.

Karatasi ilikatika saa nne usiku. Tukaipitisha upya. Ikakatika. Tukaipitisha tena, ikaenda robo saa ikihama upande wa nyuma, ikakunja, ikakatika. Tukalilaumu rojo. Watu wa rojo wakatulaumu sisi. Tukafuta sensa, tukapunguza mwendo, tukalegeza mvuto. Kuipitisha karatasi upya si jambo dogo: unakata utepe mwembamba ukingoni kwa maji, unauingiza baina ya kamba mbili, kamba zinaubeba kwenye kila dramu, kisha ndipo unaupanua polepole mpaka upate upana wote. Tuliifanya kazi hiyo mara kumi na moja.

Kwenye saa tisa usiku fundi mmoja mtu mzima, mtu wa maneno machache, alisema tuzime kila kitu na tufunge swichi kwa kufuli. Akaenda upande wa nyuma na tochi. Hakumulika rola kwa mbele. Aliilaza tochi juu ya rola, ncha hadi ncha, kama mtu anayetazama ubao kama umenyooka. Na pale, karibu na mwisho, pakaonekana kivuli chembamba kinachozunguka rola nzima. Pete. Utomvu uliooka ukawa mgumu kama pembe, unene wake milimita moja, upana wake vidole viwili.

Milimita moja, mtu atasema, ni nini? Tupige hesabu pamoja. Rola ile ilikuwa na kipenyo cha milimita 300, basi mzingo wake ni milimita 942. Penye pete kipenyo ni 302, na mzingo ni milimita 948 na zaidi. Kila rola ikizunguka mara moja, karatasi iliyo juu ya pete inatakiwa iende milimita 6 zaidi ya jirani yake. Ni chini kidogo ya asilimia 0.7. Karatasi ya gazeti ikishakauka, ukiinyoosha asilimia moja na kitu inakatika, na ilishakuwa imevutwa tangu mwanzo. Pete ile ilikuwa imekula sehemu kubwa ya uvumilivu wake. Na kwa kuwa pete iko upande mmoja, rola imekuwa nene upande mmoja, na mkanda huelekea upande ulio mnene. Ndiyo maana ulikuwa ukihamia nyuma. Hatukuwa na matatizo mawili, la kukatika na la kuhama. Rola chafu imepinda, hata kama pimamaji inasema imenyooka. Mkono wa kulia ulikuwa unakaza kuliko wa kushoto.

Ninaloliomba kwenu kuliko yote ni hili linalofuata. Mashine ikienda, rola haifutwi kwa mkono. Haifutwi kwa tambara, wala kwa kijiti, wala "kidogo tu". Pale rola mbili zinapokutana zikizunguka kwenda ndani, pana mdomo. Tambara likishikwa, linavuta mkono. Mtu akishituka, mpaka mwili uanze kujivuta huwa imepita kiasi cha sehemu mbili za kumi za sekunde. Kwa mita 10 kwa sekunde, hizo ni mita mbili, na mkono wako hauna mita mbili. Mwenzangu mmoja aliondoka zamuni na vidole vitatu. Alikuwa mwangalifu kuliko mimi. Siku hiyo aliona uchafu na akaona haya kusimamisha mashine.

Sasa, kijana mmoja aliniuliza pale mlangoni: mzee, Pemba hakuna kiwanda cha karatasi, sisi tutafanyia nini haya? Suala zuri. Karatasi imekuwa ikifika visiwani kwa meli tangu enzi. Sultan Barghash alileta mitambo ya kuchapia Unguja, na wamisionari wa Kiungani, huko huko Unguja, wakichapa jarida lao *Msimulizi* tangu 1888. Leo magazeti yanachapwa kwa mitambo ya majora, ambako mkanda wa karatasi unapita juu ya rola vilevile. Plastiki ya mifuko, nguo, mikanda ya kubebea mizigo, vyote ni ukili.

Na kuna mashine ambayo iko kila mtaa hapa Chake: fotokopi. Ndani yake pana rola za mpira za kuvuta karatasi, na pana dokta mdogo wa mpira anayekomba wino uliobaki kwenye dramu ya kubebea picha. Karatasi ikianza kuingia upogo, wenye maduka wengi huibana zaidi kwenye trei. Ifungueni. Mtakuta rola moja ya kuvutia ina vumbi jeupe na imekuwa laini kama kioo, ya pili bado inashika. Moja inavuta, moja inateleza, karatasi inageuka. Tambara lisilotoa nyuzi, maji kidogo, futa mpaka mpira uwe mweusi tena. Msitumie petroli wala tina, zinauvimbisha na kuukausha mpira, na baada ya mwezi mtanunua rola mpya. Dramu msiiguse kwa vidole na msiiache wazi juani.

Unyevu wetu nao una yake. Nyuzi za karatasi zikinywa unyevu huvimba kwa mapana kuliko kwa marefu, na rimu iliyoachwa wazi huanza kunywa pembezoni. Kingo zinakuwa na mawimbi, katikati bado kavu. Karatasi kama hiyo haikai bapa kwenye rola, na hapo hata rola safi haina la kufanya. Msimu wa masika fungueni rimu moja, tumieni, ifungeni. Katoni isikae chini kwenye saruji.

Mwenyekiti ananionesha saa, na ana haki. Hapo barazani nimeomba iletwe fotokopi moja iliyoshindikana, duka moja limetuazima. Imekuwa ikikunja karatasi tangu mwezi uliopita na imeshabadilishwa trei mara mbili. Imezimwa tangu asubuhi ili rola yake ya kuunguzia wino ipoe, na waya nimeuchomoa mwenyewe. Tutagawana watu sita sita. Kila kundi lichukue tochi moja, na mwanzo msifute kitu. Ilazeni tochi juu ya rola, ncha hadi ncha, mtazame kivuli.